Maoni ya Benchi la Gisimenti

Kabla sijahamia Kigali, chakula cha Kichina kwangu kilikuwa kuku Manchurian wa mgahawa mmoja wa Wahindi pale Mwanza: vipande vya kuku vilivyoviringishwa kwenye unga, vikakaangwa, kisha vikazamishwa kwenye rojo jeusi la kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi. Chakula hicho kilibuniwa Mumbai mwaka 1975 na Nelson Wang, mpishi mwenye asili ya Kichina aliyezaliwa Kolkata. Alianza kama mpishi yeyote wa Kihindi angeanza, halafu pale penye garam masala akamimina sosi ya soya. Wahindi wa Afrika Mashariki wakakipokea, na kwa wengi wetu wa Mwanza, Dar es Salaam na Nairobi ndicho kilichotuonjesha Uchina. Naanza na kuku huyo kwa sababu kila mtu niliyemsikia akiusema mkahawa mdogo wa Mchina wa mtaa wa Gisimenti, Kigali, alikuwa na kuku wake wa namna hiyo kichwani, chakula kingine cha zamani alichokitumia kukipimia kile kilichokuwa mbele yake.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Mizigo ya Dar es Salaam inavuka mpaka wa Rusumo, inaingia Kigali kwa barabara ambayo Wachina waliijenga miaka ya 1970, na mimi nahakikisha karatasi zimefika kabla ya lori. Nilipanga chumba Remera, si mbali na Chez Lando, na Gisimenti ikawa ndiko ninakotafuta chakula cha jioni. Anayeijua Gisimenti anajua kwamba pale ni nyama. Ni mishikaki mirefu ya mbuzi ambayo wenyeji wanaiita burusheti, ni zingalo, yaani utumbo wa mbuzi, ni ndizi za kuchoma, ni samaki mzima anayefika mezani baada ya kusubiriwa hadi njaa inaanza kusahaulika. Wikendi barabara hufungwa magari yasipite na meza hutolewa nje. Siku za mechi Uwanja wa Amahoro, au za mpira wa kikapu BK Arena, watu humiminika hapo hadi usiku wa manane. Katikati ya moshi huo, bwana mmoja Mchina na mke wake walifungua chumba kimoja chenye dirisha la kuuzia. Jina la mkahawa silitaji. Wenyewe ni watu wa kujificha na sina ruhusa yao.

Ndani hapakuwa na meza. Unaagiza dirishani, unalipa kwa simu, unakaa kwenye benchi la mbao lililoegemezwa ukutani, unasubiri kuitwa. Karibu kila mteja alifungiwa chakula akaondoka nacho, na hilo liliwafaa Wanyarwanda wa makamo na wazee, waliolelewa kuona ni aibu mtu mzima kutafuna barabarani mbele za watu. Lakini mpishi anayefungia watu chakula ana shida ambayo mwenye meza hana. Haoni uso wa mlaji. Haoni sahani iliyorudi nusu. Anakabidhi boksi, na hukumu inatolewa Kimironko au Kanombe, sebuleni kwa mtu, yeye akiwa bado anasugua karai. Anachobakiwa nacho ni benchi tu: maneno ya watu wanaosubiri chakula cha leo huku wakikumbuka cha wiki iliyopita.

Nimekaa kwenye benchi hilo jioni nyingi mno, na nimesikia mengi.

Lalamiko la kwanza, na lililodumu kuliko yote, lilikuwa kwamba chakula ni kidogo. Ili kulielewa ni lazima uijue melange. Mfanyakazi wa kawaida wa Kigali anakula melange mchana: sahani moja, unajipakulia mwenyewe, mara moja tu, wali, ndizi, viazi, maharagwe, tambi, mchicha wanaouita dodo, kabichi, halafu kipande kimoja cha nyama kinawekwa juu kwa mkono wa mwenye mgahawa. Kwa kuwa hurudii, sahani inajengwa kwa ufundi. Viazi vinakuwa ukuta, wali unakuwa kati, tambi zinafunga juu. Mtu aliyekula hivyo saa saba mchana anafungua boksi la Mchina saa mbili usiku, anakuta wali na kuku mwenye pilipili hoho, bei yake karibu mara mbili ya melange. Fundi mmoja wa umeme alisema pale dirishani, taratibu na bila hasira, "Boss, hiki nikikimaliza ndipo nitaanza kutafuta chakula." Hakuwa akitukana upishi. Alisema kipimo chake, na kipimo chake kilikuwa halali.

Bwana Mchina akajaribu kuongeza viazi. Aliona kwamba viazi vya Musanze ni vizuri na bei yake ni nafuu, na kwao kuna chakula cha viazi kinachopendwa sana hasa kaskazini: vinakatwa nyuzinyuzi kama karoti za kachumbari, vinaoshwa wanga wote utoke, vinakaangwa kwa moto mkali kwa muda mfupi na siki na pilipili kavu. Vikitoka vinalia mdomoni. Huo ndio uzuri wake, kulia mdomoni. Sasa mpe Mnyarwanda kiazi kinacholia. Ni watu waliokua na viazi vya kuchemsha, viazi vya maharagwe, viazi vya kukaanga, na katika vyote hivyo kiazi kilichoiva ni kile kinachovunjika kwa ulimi. Wakavirudisha. Si kwa ugomvi. Walivirudisha wakiamini kabisa kwamba mpishi amesahau kuvimaliza. Mama mmoja alieleza kwa upole, kama anayemfundisha binti yake, kwamba kiazi kibichi kinaumiza tumbo la mtoto.

Hapo nilijifunza jambo ambalo nimelichukua hadi ofisini kwangu. Maoni mawili yanayopingana kuhusu chakula kimoja yanaweza kuwa ya kweli yote mawili. Mpishi alikuwa na haki kwamba viazi vimeiva kwa jinsi ya chakula kile. Mama alikuwa na haki kwamba kiazi cha namna ile kwake hakijaiva. Hakuna wa kumshinda mwenzake. Kuna kuamua tu: unampikia nani?

Wali ulizua mjadala mkubwa zaidi. Mtu mmoja aligundua, kwa kuchungulia, kwamba wali wa kukaanga hupikwa kwa wali uliolala. Habari ikapita benchi zima: Mchina anatuuzia kiporo! Mimi niliyekulia Mwanza, ambako kiporo cha wali kilichopashwa asubuhi pamoja na chai watoto hukigombania, sikuona kosa la kiporo kama kiporo. Lakini kula kiporo chako nyumbani ni jambo moja, na kuuziwa kiporo ni jingine, na hasira yao niliielewa. Ukweli wa mpishi nao una mashiko. Wali wa moto una unyevunyevu, ukiutia kwenye karai lenye mafuta unashikana na kuwa bonge. Uliolala kwenye friji umekauka juu, punje zimeachana, kila moja inapata mafuta na moto wake. Wachina wanaojua wali wa kukaanga wanauchagua ule wa jana kwa makusudi. La kuangalia ni ulilala wapi. Wali uliopikwa ukaachwa uvuguvugu mezani kutwa nzima huota bakteria anayeitwa Bacillus cereus, na sumu yake haiondoki kwa kupashwa moto. Ukipozwa haraka na kuingizwa kwenye friji, hauna neno. Kwa hiyo swali sahihi la mteja lingekuwa: friji iko wapi?

Juu ya hayo kulikuwa na wale waliosema wali mweupe una kiini, na wengine waliosema unashikana kupita kiasi. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mpishi aliyetoka Fujian, mkoa wa pwani, anapika kwa muda aliouzoea kwao na punje inabaki na moyo mgumu. Akiongeza maji na muda, anapata wali laini unaoshikana, ambao yeye anaufurahia kwa sababu unanyanyulika kwa vijiti, na ambao mteja aliyezoea mchele wa Tanzania unaotawanyika na kunukia anauona ni uji. Mimi ninayepitisha magunia ya mchele huo Rusumo nilikuwa na upande wangu katika kesi hii, nakiri wazi, na bado ninao.

Sasa nimzungumzie dada wa dirishani, kwa sababu bila yeye yote haya yangebaki porojo za benchi.

Alikuwa Mnyarwanda wa miaka ya ishirini na kitu, amewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya ujenzi wa barabara, na Kichina alikianza darasani kwenye Taasisi ya Confucius, iliyofunguliwa mwaka 2009 katika iliyokuwa Taasisi ya Elimu ya Kigali, hapo hapo Remera. Kiswahili alikipata kwa shangazi zake waliokulia Bukavu. Alipokea oda kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa cha wazee, na kuzirusha nyuma kwa Kichina. Siku za mwanzo niliona kwamba maoni yalikuwa yakifia kwake. Mteja akinung'unika, yeye alitabasamu na kusema pole sana, tutarekebisha, na nyuma hakuna kilichopelekwa. Simlaumu hata kidogo. Mfanyakazi anayempelekea tajiri wake maneno mabaya kila dakika anahatarisha mkate wake.

Na mteja wa Kigali naye mara nyingi hasemi. Hili linajulikana na limeandikwa sana. Sandra Idossou, mama kutoka Benin aliyeishi Kigali, alianzisha jarida zima, The ServiceMag, kwa ajili ya suala la huduma kwa wateja nchini Rwanda, na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda iliwahi kuendesha kampeni ya Na Yombi, ikiwataka watoa huduma wampokee mtu kwa mikono miwili. Kampeni hizo zilimlenga zaidi anayehudumu. Anayehudumiwa alibaki na adabu yake ya kunyamaza. Chakula kikiwa kibaya, anakilipia, anashukuru, anasema "murakoze", na harudi tena. Mpishi anaachwa akihesabu mauzo yanayopungua bila kujua kwa nini. Kwangu hilo ni kali kuliko tusi. Tusi unaweza kulijibu.

Kilichobadilisha mambo ni janga la korona. Usiku wa tarehe 21 Machi 2020 serikali ilitangaza watu wabaki nyumbani. Baa zilifungwa, na hazikufunguliwa hadi Septemba 2021, ikiwa na maana kwamba Gisimenti tuliyoijua ilizimwa kwa mwaka mmoja na nusu. Mwanzoni mikahawa iliruhusiwa jambo moja tu: kuuza chakula cha kubeba. Moto, yaani pikipiki za abiria, zilikatazwa kuchukua watu lakini ziliruhusiwa kupeleka mizigo. Kwa mkahawa usio na meza, ambao kazi yake yote tangu mwanzo ilikuwa kufunga chakula, sheria ile iliukuta tayari umesimama. Majirani zake wenye meza arobaini walikuwa wakijifunza jinsi ya kufunika boksi.

Motari wawili, waendesha pikipiki hizo, waliokuwa wakiegesha pale kona wakawa wapelekaji wake. Na hapo ndipo kilitokea nilichokuwa sijakiona kwa miaka yote ya benchi. Motari alirudi na maneno: amesimama getini Kicukiro, mteja amefungua chakula mbele yake kuhakikisha oda, ameonja kwa kidole, amesema. Mteja ambaye asingemwambia mwenye mkahawa kitu alimwambia motari kila kitu, kwa sababu motari ni mwenzake, anamwita "kaka", na wala siye aliyepika. "Mwambie chumvi imezidi." "Mwambie leo kuku ni wengi, asante." Motari hakuwa na sababu ya kulainisha. Alifika dirishani na kofia yake kichwani akasema kama alivyoambiwa, na dada akapeleka nyuma kama alivyosikia, kwa sababu sasa lawama haikuwa yake. Mama mmoja wa Goma aliyekwama Kigali mipaka ilipofungwa alituma ujumbe uliorudiwa pale dirishani neno kwa neno: "Chakula iko muzuri, lakini pilipili haiko. Wee papa, pilipili kwenu inauzwaga bei gani?" Kesho yake kila boksi lilitoka na kichupa kidogo cha akabanga, yale mafuta ya pilipili ya Sina Gérard wa Nyirangarama ambayo hupimwa kwa matone. Bwana Mchina alionja tone moja, akakaa kimya kidogo, akaonja la pili. Nadhani ndiyo siku alipoanza kuiheshimu nchi hii kwa upishi.

Kutoka hapo dada alianza kuuliza. Hakuuliza kama chakula kilikuwa kizuri, swali ambalo kwa Mnyarwanda mwenye adabu lina jibu moja tu. Aliuliza kitu kimoja kidogo: wali wa jana ulifika umelowa? Mtu anajibu swali kama hilo bila kuona kwamba anamdhalilisha yeyote. Ndiyo, ulilowa.

Ulilowa kwa sababu ya mvuke. Chakula cha kukaanga kikifungiwa moto ndani ya chombo kisichopumua kinajipika upya kwa mvuke wake, na kile kilichokuwa kikavu kinakuwa tepetepe kabla moto haijavuka mataa ya Sonatube. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, miaka 9 kabla ya Kenya na 11 kabla ya Tanzania, na sheria ya mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja. Kwa hiyo wauza chakula wa Kigali hutumia foili na karatasi. Foili inafunga mvuke wote ndani. Lile boksi la karatasi lenye kishikio cha waya, ambalo filamu za Kimarekani zimetufanya tuamini ni la Wachina, lilipewa hataza Chicago mwaka 1894, jina la Frederick Wilcox, na awali vyombo vya namna hiyo vilikuwa vya kubebea chaza. Linapumua kidogo juu. Mpishi alihamia karatasi, akatoboa matundu mawili kwenye kifuniko, na akaanza kufunga rojo kando. Kwa supu hapakuwa na njia, basi akatangaza: anayetaka supu aje na hotpoti yake. Wakaja nazo. Benchi likawa na safu ya hotpoti za maua, na wenye hotpoti walikuwa wateja waaminifu kuliko wote, kwa kuwa mtu aliyebeba chombo kutoka nyumbani ameshaamua kurudi.

Kuna maoni mengine ambayo sikuyakubali wakati ule na siyakubali leo, nayo ni yale ya unga mweupe. Mtu mwenye heshima zake, mwalimu mstaafu, alisema hawezi kula pale kwa sababu Wachina hutia ule unga unaoumiza kichwa. Unga huo ni monosodiamu glutameti. Mjapani Kikunae Ikeda aliutambua mwaka 1908 alipokuwa akichunguza kwa nini supu ya mwani ina utamu wa nyama. Hofu ilianzia Marekani mwaka 1968, kwa barua moja ya daktari kwenye jarida la tiba la New England, iliyoeleza ganzi na udhaifu anaousikia akila kwenye mikahawa ya Kichina. Tangu hapo watafiti wameujaribu mara nyingi bila kupata ushahidi thabiti kwamba kiasi cha kawaida cha chakulani kinawadhuru watu. Lakini kilichoniuma zaidi ni kingine. Kiungo kile kile kimo kwenye Maggi na kwenye Royco. Kimo kwenye isombe, yaani kisamvu, ya nyumbani kwa mwalimu na kwenye mchuzi wa mama yangu Mwanza. Tunakila kila Jumapili na tunakisifu, halafu tunakiogopa kinapotoka kwenye mkono wa mgeni. Hayo si maoni kuhusu chakula. Ni maoni kuhusu mtu, yamevaa nguo za chakula, na mwenye mkahawa hawezi kuyarekebisha kwa kupunguza chumvi.

Kundi hilo hilo lina uvumi wa nyama ya mbwa, ambao nimeusikia Mwanza, Kampala na Kigali kwa maneno yanayofanana. Dada aliusikia pale dirishani kutoka kwa vijana waliokuwa wakicheka. Hakucheka nao. Alifungua mlango wa jikoni, akawaonyesha kuku waliotoka sokoni Kimironko asubuhi ile, akafunga. Wakaagiza. Nilimheshimu sana siku hiyo.

Lakini haki inataka niseme na upande wa pili. Machi 2015 mkahawa mmoja wa Kichina eneo la Kilimani, Nairobi, uligundulika ukiwakataa wateja Waafrika kuanzia saa kumi na moja jioni, ati kwa usalama. Wakenya walipaza sauti, na serikali ya kaunti ikaufunga kwa kukosa leseni. Mtu aliyesoma habari ile ana sababu ya kulikaribia dirisha la Mchina kwa tahadhari. Na kuna wasiokuja kwa sababu safi kabisa. Rafiki yangu wa Biryogo, Mwislamu, hakuwahi kununua pale, na alinieleza bila chuki: karai ni moja, na nguruwe hupita humo. Alikuwa sahihi. Hakuna aliyewahi kumuuliza maoni yake, na nadhani yalikuwa na thamani kuliko ya watu kumi waliokuwa wakila, kwa maana karai la pili si gharama kubwa na Biryogo ina watu wengi.

Wachina wenyewe nao walikuja, wahandisi na mafundi wa barabara, hasa jioni za Jumapili. Wao hawakuwa na adabu ya kunyamaza. Waliongea kwa sauti, wakirudi hadi jikoni, na dada alinitafsiria kwa kifupi: sukari imezidi, mafuta ni machache, na huu si upishi wa nyumbani tena. Yale yale yaliyotokea New York miaka ya 1970. Mpishi Peng Chang-kuei alibuni kuku wa Jenerali Tso huko Taiwan miaka ya 1950, mkali na mwenye chumvi, bila sukari. Wapishi wa Manhattan wakamfanya mtamu na mkavu, na Marekani nzima ikampenda huyo wa pili. Mpishi wa Gisimenti alikuwa katikati ya mkondo huo. Kila aliposikiliza benchi, alimpoteza kidogo mtu wa kwao. Nilimuuliza mara moja kupitia kwa dada kwa nini anawasikiliza wanaoketi kwenye benchi kuliko ndugu zake. Jibu lake lilikuwa fupi: ndugu zake mradi ukiisha wataondoka. Jirani wa Remera atakula tena wiki ijayo.

Niliporudi kwenye shughuli zangu nilianza kuwauliza wateja wangu kwa mtindo wa dada. Sikuuliza kama wameridhika na huduma. Niliuliza: lori lililopita lilikaa mpakani saa ngapi zaidi ya nilivyokuahidi? Nilianza na wale waliokuwa na mizigo mingine njiani, kwa kuwa hao ndio wenye sababu ya kusema kweli.

Mwaka 2022 bei ya mafuta ya kula ilipanda vibaya, na mchele na kuku vikafuata. Bwana Mchina alitoka nje ya dirisha, jambo la nadra, akasimama mbele ya benchi na dada pembeni yake, akauliza: apandishe bei au apunguze nyama? Mjadala ulichukua jioni nzima na wengine walisahau chakula chao kikiwa tayari. Wafanyakazi wa ofisini walisema apandishe, nyama isiguswe. Wanafunzi na motari walisema bei ikipanda wao wanarudi kwenye melange. Mzee mmoja alisema aongeze kabichi na aite jina jingine, na hakuna aliyeafiki. Mwishoni aliamua kuuza maboksi mawili, kubwa kwa bei mpya na dogo kwa bei ya zamani, nyama ikiwa sawa kwa uwiano. Ofisi zinanunua kubwa. Motari wananunua dogo, na kila jioni wanamwambia dada, wakiwa wamesimama palepale dirishani, kwamba ni dogo mno; naye anawauliza ni wali uliopungua au ni nyama.